Kadi Isiyoingia Mfukoni

Kuna neno moja linaloniudhi kila ninapolisikia, nalo ni "takataka". Mimi hukusanya kadi za wachezaji. Ninazozipenda zaidi ni za aina mbili: zile kubwa zilizozidi kipimo cha kawaida, na zile zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Nikilisema jambo hili mbele za watu, neno hilo hunijia kutoka pande mbili. Ndugu zangu wa Afrika Mashariki tunaoishi pamoja hapa Ohio hulitamka kwa huruma, kama watu wanaomwombea mgonjwa. Wafanyabiashara wa kadi, Wamarekani wenye meza zao kwenye maonyesho, hulitamka kwa dharau. Wale wa kwanza wanaona kadi zote ni takataka. Wale wa pili wanaona takataka ni zangu tu. Nimeandika kurasa hizi ili niwajibu wote, lakini zaidi wale wa pili. Wale wa kwanza hawajui, na asiyejua husamehewa. Hawa wanajua, na wanakiharibu kitu kizuri huku wakijiita wapenzi wake.

Kwa msomaji asiyezijua, nieleze kwa ufupi. Kadi ya mchezaji ni kipande cha karatasi ngumu. Upande mmoja una picha ya mchezaji. Upande wa pili una habari zake: urefu, uzito, mahali alipozaliwa na hesabu ya aliyoyafanya uwanjani. Kadi hizi zilianza Marekani katika karne ya 19, zikitiwa ndani ya pakiti za sigara. Baadaye zikafuatana na ubani wa kutafuna, ule ambao sisi tuliuita bigijii. Topps, kampuni ya New York iliyoanzishwa mwaka 1938, ilikuwa kampuni ya ubani kabla haijawa kampuni ya kadi. Kadi ilikuwa chambo tu cha kumfanya mtoto atoe senti yake. Mwaka 1992 Topps ikauondoa ubani kwenye pakiti, ikabaki kadi peke yake.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana ugomvi wangu unaanzia hapo. Tangu mwaka 1957 kipimo cha kawaida cha kadi ni inchi 2½ kwa 3½. Kila kitu anachouziwa mkusanyaji hutengenezwa kwa kipimo hicho: maboksi, vifuko vya nailoni, na zile karatasi za plastiki zenye mifuko 9 zinazopachikwa kwenye faili. Kadi ikizidi hapo haiingii. Muuzaji akiletewa huigeuzageuza, hutafuta pa kuiweka, akakosa. Mwisho huitupa ndani ya boksi la viatu chini ya meza, pamoja na wenzake, na juu ya boksi akaandika kwa kalamu nene: dola moja. Angalia vizuri, msomaji wangu. Kadi hiyo haikushushwa bei kwa kuwa picha yake ni mbaya, wala kwa kuwa mchezaji hakuwa hodari, wala kwa kuwa karatasi yake ni hafifu. Imeshushwa kwa sababu haikuingia mfukoni. Mfuko ulitengenezwa kwa ajili ya kadi. Leo mfuko ndio unaoihukumu kadi. Ni kama fundi cherehani amlaumu mteja kwa kuwa na mabega mapana.

Na kadi zenyewe zinazodharauliwa hivyo ni zipi? Mwaka 1964 Topps ilitoa kadi 60 za besiboli zenye inchi 3⅛ kwa 5¼. Nyuma ya kila moja waliandika habari za mchezaji kwa mtindo wa ukurasa wa gazeti, na kichwa cha habari juu yake. Humo yumo Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyekufa tarehe 31 Desemba 1972 katika ajali ya ndege akipeleka misaada kwa watu wa Nicaragua waliokumbwa na tetemeko la ardhi. Katika msimu wa 1969-70 ilitoa kadi 99 za mpira wa kikapu, nyembamba na ndefu, karibu inchi 4¾ kwenda juu. Watu warefu wakapewa kadi ndefu. Umbo lilifuata mchezo. Humo yumo kijana aitwaye Lew Alcindor, ambaye mwaka 1971 alianza kutumia jina lake la Kiislamu, Kareem Abdul-Jabbar. Tena katika msimu wa 1976-77 zikaja kadi 144 za mpira wa kikapu zilizokuwa kubwa kama zile za mwaka 1964, na ya kwanza ni ya Julius Erving. Ukiishika kadi ya namna hiyo unamwona mtu mzima: mikunjo ya jezi, soksi zilizovutwa hadi karibu na goti, nywele za afro za zama zile. Huhitaji kufinya macho.

Sisemi kwamba kila kadi kubwa ni rahisi. Ile ya Alcindor si ya mtu wa kipato changu. Lakini katika seti hizo hizo wamo wachezaji wa kawaida, waliocheza misimu michache, wakastaafu na kusahauliwa, na kadi zao hupatikana kwa dola moja, mbili au tatu. Hao ndio wangu. Naingia kwenye boksi la viatu kama mtu anavyoingia kwenye rundo la mitumba: nainama, nachambua, naweka kando, narudi tena. Aliyewahi kuchambua mitumba anajua kwamba furaha yake haiko kwenye bei peke yake. Iko pia katika kule kuchagua kwa macho yako mwenyewe, bila mtu wa dukani kukuambia kipi ni kizuri.

Wenye soko watanijibu kwamba ukubwa ni ila, na kwamba kadi bora ni zile za kipimo. Basi na tuitazame kadi wanayoiabudu. Mwaka 1952 Topps ilitoa kadi 407 za besiboli. Zilikuwa na inchi 2⅝ kwa 3¾, yaani kubwa kuliko kipimo cha leo, na kubwa zaidi kuliko za Bowman, kampuni iliyokuwa ikishindana nayo. Huo ukubwa ndio uliokuwa silaha yake: mtoto akizilinganisha mbili, achukue ile pana. Lakini kundi la mwisho la kadi hizo, kuanzia namba 311, lilifika madukani msimu ukielekea mwisho, wakati watoto walikwisha geukia mambo mengine. Zikabaki ghalani miaka. Sy Berger, mtu wa Topps aliyezibuni, ndiye aliyesimulia kwamba karibu na mwaka 1960 walizipakia kwenye tishari, wakazipeleka baharini na kuzimwaga katika Atlantiki. Namba 311 ni Mickey Mantle. Agosti 2022 kadi moja ya namba hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6.

Kwa hiyo, kadi hiyo ya mamilioni ilikuwa kubwa kuliko kipimo, tena ilikuwa bidhaa iliyolala, iliyokosa mnunuzi hata kwa senti. Ilikuwa takataka, na takataka kweli, maana ilitupwa baharini. Mwaka 1956 Topps iliinunua Bowman, na mwaka uliofuata, mshindani akiwa hayupo tena, ikaipunguza kadi ikawa hii ya inchi 2½ kwa 3½. Huo ndio mwanzo wa "kipimo" tunachotiwa hofu nacho. Hakuna aliyekaa akapima uzuri, ukaonekana uko katika inchi hizo. Kampuni iliamua, kiwanda kikakata, na baada ya miaka tukaambiwa kwamba hivyo ndivyo kadi inavyopaswa kuwa.

Jambo la pili ninalolipinga ni yale makasha. Mwaka 1991 ilianzishwa kampuni ya PSA, ambayo kazi yake ni kupima kadi. Unaipelekea kadi yako na ada yako. Wao huikagua pembe, kingo, uso na jinsi picha ilivyokaa katikati, huipa alama kutoka 1 hadi 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Baadaye kampuni nyingine zikafuata njia hiyo. Kadi iliyofungiwa hivyo hutaishika tena kwa mkono. Huwezi kuinusa karatasi yake, na usipokuwa mwangalifu huoni ila kivuli chako kwenye plastiki. Mnunuzi hatazami picha, anatazama namba. Nimewaona watu wakinunua na kuuza kadi kwa mamia ya dola bila kumtaja mchezaji hata mara moja. Walikuwa wakitaja 9 na 10.

Na je, hiyo namba ni ya kuaminiwa kiasi hicho? Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa ya Honus Wagner, iliyotiwa katika pakiti za sigara kati ya mwaka 1909 na 1911. Ilipewa alama 8, na kwa miaka mingi ikawa kadi mashuhuri kuliko zote duniani. Mwaka 2013 mnadishaji aliyewahi kuimiliki alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo ili ionekane safi. Kwa hiyo kadi iliyowekwa mbele ya wote kama mfano wa ukamilifu ilikuwa kadi iliyopunguzwa kwa kisu. Mimi nauona ugonjwa mmoja. Anayeidharau kadi kwa kuwa imezidi, na anayeikata kadi ili ifae, wote wawili wamekwisha kubali kwamba mfuko ni bora kuliko kitu kinachotiwa ndani yake.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magazeti yalianza kuandika juu ya watu waliotajirika kwa kadi kuukuu walizozikuta darini kwa mama zao. Ghafla kila mtu akawa mwekezaji. Baba alimnunulia mwanawe boksi zima na kumwonya asilifungue, kwa kuwa ndilo litakalomlipia chuo. Kampuni zikasikia sifa, zikamimina tembo na maji pamoja: kadi zikachapwa kwa wingi usio na mfano hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Agosti 1994 wachezaji wa besiboli wakagoma, fainali za mwaka ule zikafutwa, na soko ambalo tayari lilikuwa linayumba likazidi kuanguka. Watoto wale wakakua, wakafika umri wa chuo, na boksi halikulipa hata daftari. Kadi ya zamani ilipata bei kwa sababu watoto waliichezea, wakaikunja, wakaipoteza, zikabaki chache. Kitu ambacho kila mtu amekifungia hakiwezi kuwa adimu.

Mabaki ya zama hizo ndiyo yanayojaza maboksi ya senti 10 leo, nami nayashukuru. Kadi zilizoshindwa kuwa mali zimepata nafasi ya kuwa kadi. Nazitazama, nazipanga kwa timu, nazipanga upya kwa nchi walikozaliwa wachezaji, naziweka mezani bila glavu. Ikidondokewa na chai, dunia haikuisha. Ada ya kupimiwa kadi moja ingeninunulia kadi 100 za boksi hilo, na kadi 100 ni jioni nyingi za furaha.

Mtu angedhani funzo la miaka ile lilitosha. Halikutosha. Wakati wa ugonjwa wa korona watu walipofungiwa majumbani, homa ilirudi. Machi 2021 PSA ilisimamisha huduma zake nyingi kwa kuelemewa na mlundikano wa kadi zilizotumwa kupimwa. Mei mwaka huo, baada ya watu kupigana juu ya kadi katika maegesho ya duka la Target huko Wisconsin, hadi mmoja akachomoa bastola, maduka ya kampuni hiyo yaliacha kwa muda kuuza kadi. Bastola kwa ajili ya karatasi zilizobuniwa kumfurahisha mtoto anayetafuna ubani! Halafu mimi ninayenunua za dola moja ndiye ninayeambiwa sina akili.

Anayeumia zaidi ni mtoto. Nimehudhuria maonyesho ya kadi katika kumbi za mahoteli kwa miaka mingi, na nimeona watoto wakizidi kupungua. Mtoto akija mezani na dola 5 hujibiwa bila kutazamwa. Akinyosha mkono huambiwa asiguse. Siku moja nilimwona kijana wa miaka kama 10 akimuuliza muuzaji swali zuri kabisa: huyu mchezaji alikuwa anacheza nafasi gani? Muuzaji hakujua. Alijua bei tu, tena aliisoma kwenye simu. Nilimwita kijana kwenye boksi la viatu, tukainama pamoja, akaondoka na kadi nne kubwa na chenji mkononi. Sijui kama ataendelea na mambo haya, ila siku ile alisoma nyuma ya kadi zote nne kabla hajafika mlangoni.

Sasa nije nyumbani, maana lipo jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Tarehe 25 Juni 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Alichukuliwa na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Kabla ya hapo, akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, alitangazwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mara mbili, mwaka 2008 na 2009. Katika uteuzi ule James Harden alikuwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba. Thabeet alipitia timu nne za NBA, na baada ya mwaka 2014 hakucheza tena katika ligi hiyo. Soko likatoa hukumu yake. Leo kadi za Curry za msimu wa 2009-10 huuzwa kwa mamia na hata maelfu ya dola. Ya Thabeet ya msimu huohuo nimeiokota kwenye boksi la senti 25. Muuzaji aliponiona nimeishika alicheka, akasema, "Huyo ni hasara."

Hasara kwa nani? Kwa aliyeweka fedha zake akitumaini kuziuza, labda. Kwangu mimi pale nyuma ya kadi pameandikwa Dar es Salaam, Tanzania, kwa herufi za kiwandani, na kadi hiyo ilisambazwa kwa watoto wa Marekani ambao huenda hawakuwahi kulisikia jina hilo. Ni kijana mmoja tu kutoka kwetu aliyefika pale. Kama thamani ni bei, basi safari yake yote ni senti 25, na ya kila mmoja wetu aliyekuja huku akafanya kazi kwa bidii bila kuwa nyota ni chini ya hapo. Mimi sikubali hesabu hiyo. Siikubali juu ya kadi kwa sababu siikubali juu ya watu. Anayezoea kusema "takataka" kila anapokutana na kitu kisicho na bei hachelewi kulisema neno hilo akikutana na mtu asiye na cheo.

Nimalizie na ndugu zangu wanaonihurumia. Wananiambia, "Mzee, dola hizo si ungezituma nyumbani?" Natuma. Nimetuma tangu nilipofika, ada za shule, mabati, dawa, na misiba yote. Kadi zangu za mwezi mzima hazifiki bei ya sahani moja ya nyama choma katika mikahawa tunayokutana Jumamosi, na hakuna anayeiita nyama choma takataka. Mtu si punda wa kubeba tu. Lazima awe na kitu kimoja anachokipenda bila sababu ya faida, la sivyo siku akiacha kazi atajikuta hana anachokijua ila kuchoka. Wengine huniletea methali kwamba rahisi ni ghali. Ni kweli kwa kiatu, ni kweli kwa betri. Lakini picha ya mtu hodari, iliyo kubwa, iliyochapwa vizuri, yenye habari zake nyuma, kwa bei ya soda, hiyo ni rahisi isiyo na ghali ndani yake.

Na wale wenye makasha sina la kuwaomba, isipokuwa wajibu swali moja kwa ukweli: kama kesho ingetangazwa kwamba hakuna kadi itakayouzwa tena, si kwa dola wala kwa senti, ni ngapi kati ya zao wangezihifadhi? Mimi ningezihifadhi zangu zote, hata zile zisizoingia mfukoni. Hizo ningeendelea kuziweka palepale zilipo, katika boksi la viatu juu ya kabati, ambalo halina kufuli na mjukuu wangu analifikia akipanda kiti.